Shoka, kabari au jeki ya kuchanjia kuni: kipi kinaufaa ua wako Mombasa

Mvinje ulionyooka hauhitaji jeki. Tunaanza na hilo kwa sababu wengi wanaoulizia mashine ya kuchanja kuni hapa Mombasa huchoma mvinje, na kigogo cha mvinje kilichokatwa kifupi, kikiwa bado kibichi, hufunguka kwa pigo moja au mawili ya shoka zito. Anayehitaji jeki ni yule aliyeangukiwa na mwembe uani, mwenye mkanju mkongwe uliojaa panda, au mwenye mgongo usiotaka tena kuinua shoka. Basi kabla ya kuulizana bei, angalia ni mti gani uliolala pale.

Vinavyolinganishwa hapa ni vitatu. Cha kwanza ni shoka la kuchanjia, lile lenye kichwa kinene cha kilo 2.5 hadi 3.5. Si shoka la kukatia matawi, ambalo ubapa wake mwembamba huzama na kung'ang'ania. Cha pili ni kabari za chuma, mbili au tatu, pamoja na nyundo ya kilo 4. Cha tatu ni jeki ya kuchanjia ya mkono, yenye chasisi ya chuma ya karibu mita moja, kabari iliyochomelewa upande mmoja, pampu ya mafuta yenye pistoni na bamba la kusukumia ukuni upande wa pili, na mikono miwili ya kusukumia. Uzito wake ni kilo 30 hivi, na nyingi huandikwa tani 10. Za stima na za petroli tutazigusa mwishoni kwa sababu ni wachache zinaowafaa nyumbani.

Kazi ni ile ile, tofauti ni akiba

Watu hudhani jeki inapunguza kazi. Haipunguzi hata chembe. Chukua shoka la kilo 3 likishuka kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde: linafika kwenye ukuni na jouli 96. Sasa chukua mkono wa jeki ukiusukuma kwa nguvu ya kilo 20, ukasogea nusu mita: hiyo ni karibu jouli 98. Msukumo mmoja wa jeki ni sawa na pigo moja la shoka. Kazi yako haikupungua.

Kilichobadilika ni hatima ya kazi hiyo. Pigo la shoka lisilopasua limepotea lote: limeishia kwenye kishindo, kwenye kuruka kwa shoka na kwenye viganja vyako. Pigo la pili linaanza sifuri. Kwenye jeki kuna vali ndogo inayoruhusu mafuta kwenda mbele na kuyazuia kurudi, kwa hivyo kila msukumo unakaa pale pale ulipofika hadi wa pili uje juu yake. Haba na haba, kibaba kinajaa, na kibaba chenyewe ni tani 10 zikikaa kwenye ncha ya kabari. Fundo la mwembe linaloweza kupokea mapigo 30 ya shoka bila kutikisika halina la kufanya mbele ya hilo.

Gharama yake ni muda. Kusogeza bamba la kusukumia sentimita 5 kwa tani 10 kamili kunahitaji misukumo kama 50 ya aina ile tuliyoihesabu, na hapo hatujatoa kinachopotea kwa msuguano. Kwa kawaida ukuni hufunguka kabla ya kufika huko, lakini ukweli unabaki: kwenye mti mlaini ulionyooka, mwenye shoka atakuwa amemaliza rundo na kunawa wakati mwenye jeki yuko kigogo cha tano. Ndiyo maana jeki nyingi zina mikono miwili. Mmoja husogeza bamba haraka kwa nguvu ndogo, wa pili husogeza polepole kwa nguvu kubwa. Isukume yote miwili hadi bamba liguse ukuni, kisha uache ule wa haraka na ufanye kazi na ule wa nguvu. Ukuni ukishalia na kufunguka ufa, rudi kwenye yote miwili.

Mti gani, kifaa gani

Mvinje ni mgumu na mzito, lakini nyuzi zake zimenyooka. Siri ni kuuchanja mbichi. Ukikauka mzima unakuwa kama mfupa, na shoka hurukaruka juu yake. Ukikuta magogo ya mvinje yaliyokaa mwaka mzima chini ya paa, tumia kabari, uanzie kwenye ufa ambao jua limekwisha kuufungua.

Mwembe ni kesi nyingine. Mbao yake si ngumu sana, ila nyuzi zimepishana na panda ziko kila mahali. Shoka huzama sentimita tatu, linabaki humo, na dakika zinazofuata ni za kulikwamua. Hapa ndipo jeki inapostahili pesa yake. Mkanju ni vivyo hivyo, pengine zaidi, kwa sababu matawi yake hujipinda tangu chini. Miti hii miwili ni ndugu, na utomvu wake huwasha ngozi. Vaa glavu na mikono mirefu unaposhika magogo mabichi, na usijifute jasho usoni kwa glavu hizo hizo.

Mwarobaini uko katikati: shina la chini hupasuka kwa shoka, sehemu za panda zipeleke kwenye jeki au kabari. Mkwaju mkubwa hushinda shoka na huisumbua hata jeki ya tani 10. Usiweke kigogo kizima cha mkwaju kwenye jeki ukitarajia kipasuke katikati. Kichanje ukingoni kwa kabari na nyundo, kipande baada ya kipande kama unayemenya, kisha moyo unaobaki ndio uupe jeki.

Mnazi hauchanjwi na chochote kati ya hivi. Shina lake halina nyuzi za mti wa kawaida: nje ni nyuzinyuzi ngumu, ndani ni laini kama sifongo, na kabari huzama na kumezwa. Anayetaka moto wa mnazi ana vifuu, makumbi na makuti, na karara kavu huwasha jiko kuliko karatasi. Shina liachie mwenye msumeno. Mbuyu nao si kuni, umejaa maji tu.

Kuhusu mikoko: ni kuni bora kweli, lakini kuikata bila kibali cha KFS, shirika la serikali la misitu, ni kosa. Ukiuziwa boriti mbovu za mkoko kutoka nyumba iliyobomolewa, hizo ni nyembamba, shoka linatosha. Mbao za jahazi kuukuu ziangalie mara mbili, zimejaa misumari inayong'oa meno ya shoka, na zile zilizopakwa rangi ya chini ya maji hazifai kupikia chakula cha mtu.

Urefu wa ukuni, na sufuria la harusi

Hili ndilo jambo ambalo maelezo kwenye boksi la jeki hayatakuambia. Jeki za tani 10 kwa kawaida hupokea kigogo kisichozidi sentimita 45 kwa urefu, na upana wa sentimita 25 hadi 30. Kipimo hicho kinalifaa jiko la kuni la chuma au la udongo lenye mdomo mdogo. Mpishi wa pilau ya harusi hapiki hivyo. Anapika kwenye mafiga, na kuni zake ni ndefu, sentimita 70 au hata mita, kwa sababu moto anaupunguza na kuuongeza kwa kuzisukuma ndani na kuzivuta nje. Wali ukikauka maji, kuni zinavutwa, makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Umpe mtu huyo vipande vya sentimita 40, atalazimika kutia mkono chini ya sufuria kila mara, na hawezi kuutoa moto unapozidi.

Kwa kuni ndefu, kabari haina mpinzani. Laza gogo chini, tafuta ufa kichwani, pigilia kabari ya kwanza hadi ufa ukimbie kwenye ubavu wa gogo. Weka ya pili kwenye ufa huo huo, sentimita 25 mbele. Ya kwanza italegea yenyewe, uichukue na kuipeleka mbele ya ile ya pili. Gogo la mita moja linamalizwa na kabari tatu bila shoka kuinuliwa. Kata nyuzi zinazoshikilia kwa panga, usizivute kwa mkono.

Kama umekwisha kununua jeki na unapika kwa mafiga, usijaribu kurefusha chasisi yake kwa fundi wa kuchomelea. Chasisi iliyorefushwa hupinda katikati, pistoni inasukuma kwa mshazari, na mipira ya ndani inayozuia mafuta kuvuja inakatika upande mmoja.

Ua, majirani na kishindo

Shoka linahitaji nafasi ya mita mbili kila upande na anga tupu juu: hakuna kamba ya nguo, hakuna ukingo wa bati, hakuna tawi. Nyumba nyingi za Kisauni, Majengo au Mji wa Kale hazina nafasi hiyo. Mtoto anayetokea mlangoni ghafla ni hatari kubwa kuliko ukuni wenyewe. Kabari haihitaji anga kubwa kama shoka, ila mlio wa chuma kwa chuma unasikika mtaa wa pili, na saa ya watu kulala adhuhuri utapata wageni wasio na salamu.

Jeki haina kishindo. Inalia kidogo kwenye mkono, kisha ukuni unapasuka kwa mlio kama wa kijiti, basi. Inatosha kwenye ukumbi wa nyuma wenye upana wa mita moja na nusu, na mtu wa miaka 65 anaweza kuifanyia kazi akiwa ameketi kwenye kibao. Kwa nyumba ya aina hii hatuoni sababu ya kubishana.

Mwenye shoka katika ua mdogo anaweza kujisaidia kwa tairi kuukuu la gari. Lilaze juu ya kigogo cha kuchanjia chenye urefu wa kufika chini kidogo ya goti, simamisha kuni mbili tatu ndani yake, kisha piga. Vipande havirukiruki wala huinami kuviokota, na shoka likikosea linagonga mpira badala ya muundi wa mguu. Mpini ukilegea msimu wa kaskazi, usilitumbukize shoka kwenye ndoo ya maji kama wengi wafanyavyo: mbao huvimba siku moja, nyuzi zinajiponda ndani ya tundu, na wiki ijayo mpini umelegea zaidi. Pigilia kabari ndogo ya mti mgumu kichwani. Na usitumie kisogo cha shoka kupigia kabari ya chuma, tundu la mpini hutanuka na kichwa kikaruka. Kabari nayo ikichanua kichwa kama uyoga, ipeleke kwenye jiwe la kusagia kabla kipande cha chuma hakijaruka machoni.

Kuitumia jeki bila kuiua

Iweke mahali tambarare, kwenye saruji au ubao mpana, si kwenye mchanga, maana itazama upande mmoja. Kwenye tangi la mafuta kuna skrubu ndogo ya kupumulia. Ilegeze mzunguko mmoja au miwili kabla ya kazi, na uikaze ukimaliza, hasa ukiibeba. Wanaoisahau ikiwa imekazwa ndio wanaorudisha jeki dukani baada ya wiki wakisema mipira imepasuka: hewa haikuwa na pa kupitia.

Funga vali ya kushusha, ile inayoachia mafuta yarudi. Laza kigogo, vichwa vyote viwili viwe vimekatwa wima. Kichwa cha mshazari husukumwa pembeni, na kwa nguvu hizo hakidondoki bali kinaruka. Upande wenye ufa uelekee kabari, fundo liwe mbali nayo ikiwezekana. Simama ubavuni, kamwe usisimame mwishoni mwa kabari, na mkono wako usishike kigogo bamba linaposogea. Ukuni ukikwama nusu, fungua vali, acha springi zirudishe bamba, geuza kigogo, anza tena. Usimkabidhi mwingine mkono wa pampu huku wewe ukinyofoa ukuni kwa vidole.

Makosa mawili yanaua jeki nyingi kuliko uzee. La kwanza ni kuongeza bomba kwenye mkono ili "ipate nguvu". Bomba linakupa presha ambayo pampu haikuumbiwa, na kama vali ya usalama imechezewa, kinachofuata ni mafuta ukutani au fimbo iliyopinda. Jeki ikigoma, imefika mwisho wake, geuza ukuni. La pili ni kulaza ukuni kwa ubavu, kabari ikate nyuzi badala ya kuzitenganisha. Jeki si msumeno.

Kigogo kifupi sana nacho kina shida, kwa kuwa pistoni hufika mwisho wa safari yake kabla hakijapasuka. Weka kipande cha mti mgumu, bapa pande zote mbili, kati ya bamba na kigogo. Usiweke chuma wala jiwe, vinateleza.

Chumvi, mafuta na mipira

Adui wa jeki Mombasa ni hewa ya baharini. Pistoni imepakwa kromi inayong'aa, na chumvi ikitoboa kidoa kimoja cha kutu juu yake, kidoa hicho kinakuwa kisu: kila safari kinakwaruza mpira wa shingoni hadi mafuta yaanze kutoka. Kwa hivyo kila ukimaliza, futa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, rudisha pistoni ndani kabisa, na uifunike mahali pakavu. Pistoni iliyo ndani ya mafuta haipati kutu. Springi za kurudisha hazina bahati hiyo, zipake grisi nyepesi kila mwezi.

Mafuta ni oili ya haidroliki namba 32, na kwa joto letu namba 46 pia hufaa. Mafuta ya breki huvimbisha mipira na kuiharibu, hata kama fundi anakuhakikishia ni "kitu kile kile". Oili ya injini ni nzito, itafanya kazi ila bamba litarudi kwa uvivu. Ongeza mafuta pistoni ikiwa imerudi ndani, kwa sababu ukijaza ikiwa nje, ikirudi yatamwagika yote.

Bamba likisogea kwa kustukastuka, kuna hewa ndani. Legeza skrubu ya kupumulia, sukuma jeki hadi mwisho bila ukuni, irudishe, rudia mara nne au tano, kisha pima mafuta. Ikisukuma lakini haishiki, angalia vali ya kushusha: mara nyingi ni chembe ya uchafu iliyokaa kwenye kiti chake. Isiporudi, springi imechoka au chasisi imepinda. Mpira wa shingoni hubadilishwa na fundi yeyote wa jeki za magari, mradi apewe ule wa zamani alinganishe kipimo.

Za stima, za mguu, na za juakali

Ya stima ya tani 5 hadi 7 ina kasi ya shoka na utulivu wa jeki, lakini inakula wati 1,500 hadi 2,200. Hiyo inaweza kufika ampea 9, na waya mwembamba wa kuunganishia kutoka sebuleni hadi uani utaungua au mota itakosa nguvu. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 ndio wa chini kabisa. Inamfaa anayeuza kuni. Ya petroli haina nafasi katika ua uliozungukwa na madirisha ya watu. Ya kukanyaga kwa mguu, ya tani moja na kitu, ni ya miti laini ya nchi za baridi, mvinje utaicheka.

Iliyobaki ni ile ya juakali: jeki ya chupa, ile ya lori yenye umbo la chupa, ndani ya fremu ya chuma cha chaneli. Si mbaya, na ikiharibika unabadilisha jeki tu. Ila safari ya jeki ya chupa ni fupi, sentimita 15 hivi, kwa hivyo utakuwa ukiongeza vipande vya mti katikati ya kazi. Mwambie fundi aisimamishe wima. Jeki nyingi za chupa zikilazwa hazivuti mafuta isipokuwa pampu ikae upande wa chini, na mafundi wengi huilaza kwanza halafu wakashangaa. Angalia chomeleo la kona za juu, ndizo zinazobeba tani zote: liwe la mfululizo pande zote, si la nukta nukta.

Iwe ya duka au ya juakali, ijaribu kabla ya kutoa pesa. Nenda na kigogo chako cha mwembe chenye fundo. Isukume hadi ikaze kwenye fundo, acha mkono, usifungue vali. Piga alama ya chaki kwenye chasisi mbele ya bamba, kisha usubiri dakika kumi. Bamba likirudi nyuma hata upana wa kidole, vali haishiki. Pitisha kitambaa cheupe kwenye shingo ya pistoni, na kikitoka na mafuta, mwachie mwenye duka jeki yake.